Taa Nyeusi za Mwalimu

"—nyuma yako, kaka, angalia nyuma yako, utakanyaga macho ya watu!"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza kabisa ambayo Chiriku alimwambia mwanaume aliyekuja kumvuruga akili. Si habari yako, si samahani. Na wala Chiriku hakuwa kichaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, anakatiza maegesho ya nyuma ya maduka, pale ambapo magari, mikokoteni na watu wote wanagombea njia moja, kabeba trei ya lenzi za miwani thelathini na mbili, na gari dogo jeupe lenye kibao cha shule ya udereva juu ya paa likawa linamjia kinyumenyume bila aibu. Akaruka. Trei nayo ikaruka kivyake. Lenzi zikatawanyika kwenye lami, zinameta kama magamba ya samaki.

Kwenye usukani alikuwa mzee mmoja mwanafunzi, jasho linamchuruzika hadi kwenye kola. Lakini aliyeshuka ni mwalimu wake. Shati la kijani limenyooshwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungeweza kukata kitunguu, suruali nyeusi, viatu vinang'aa. Na mtu huyo, na viatu vyake hivyo, akapiga magoti kwenye lami bila kuombwa, akaanza kumsaidia kuokota lenzi moja moja, anazishika ukingoni tu kwa ncha za vidole.

Chiriku akamuuliza nani kamfundisha kwamba lenzi haishikwi katikati.

"Hakuna," akasema. "Nimeona wewe unavyozishika, nikaogopa."

Basi. Wengine wanataka maua. Chiriku alichotaka maisha yake yote, kumbe, ni mtu wa kumwangalia anavyoshika kitu halafu naye ashike vivyo hivyo.

Jina Chiriku alipewa na shangazi yake, ndiye aliyemlea, kwa sababu tangu ana miaka mitatu mdomo wake haujawahi kufungwa isipokuwa una chakula ndani. Chuoni alisomea mambo ya lenzi, na sasa alikuwa fundi katika duka la miwani: anakata lenzi, anazisugua, na za jua anazitia rangi mwenyewe kwenye chumba cha nyuma, akiwa na koti lake la bluu na kitambaa cha njano kichwani. Alikuwa fundi kwelikweli, nanyi mkumbuke hivyo, maana ufundi huohuo ndio uliotaka kumponza.

Mwezi haujaisha, akajiandikisha kujifunza gari. Eti gari la duka linahitaji dereva wa akiba. Shangazi alipoulizwa maoni kwa simu alisema hajawahi kuona gari linalomfanya mtu apake wanja saa moja asubuhi. Na Mwalimu, jamani, hakumpendelea hata chembe. Kuegesha alimrudisha mara kumi na moja. Akikosea, anamwambia kwa upole uleule wa kumwambia yule mzee wa jasho: tena, dada, tena. Hakumgusa mkono hata siku moja, hata pale alipokaribia kumgonga mbuzi, na Chiriku alirudi nyumbani siku hiyo amekasirika, si kwa ajili ya mbuzi.

Siku aliyopata leseni, simu ikaita kabla hajafika kituo cha basi.

"Sasa mimi si mwanafunzi wako tena," Chiriku akamwambia.

"Najua. Nilikuwa nahesabu siku."

"Ulihesabu vibaya basi, maana siku ile ya mbuzi ungenifaulisha tu."

"Ningekufaulisha ungemuua kweli, mpenzi."

Hilo neno la mwisho hakulirudisha, na Chiriku hakulikataa. Ndivyo ilivyoanza.

Basi ikawa kila jioni Mwalimu anampitia dukani, si kwa lile gari la shule, ila kwa gari lake mwenyewe, la kijivu, la zamani kidogo, analipenda kama nduguye wa tumbo moja. Jioni moja wako kwenye foleni ya mafuta, mbele yao kukawa na gari lenye taa za nyuma zilizotiwa giza, nyeusi tii, na ndani yake wekundu kwa mbali kama zambarau iliyoiva. Mwalimu akashusha pumzi kama mtoto mbele ya duka la peremende. Akasema gari likivaa taa zile linakuwa na heshima. Akasema siku moja. Kisha akaanza habari nyingine, kwa sababu yeye ni mtu wa kusema siku moja halafu akasahau. Chiriku hakusahau.

Mwezi uliofuata Mwalimu akapelekwa mafunzo mji mwingine, siku tatu, gari akaliacha uani kwa Chiriku. Funguo anazo nani? Nyie semeni.

Jumamosi asubuhi alifungua buti, akalegeza nati kwa spana ya kuazima kwa jirani, akachomoa taa mbili kama anavyochomoa lenzi kwenye fremu. Akaziosha kwa sabuni. Akazipiga msasa laini wa maji mpaka zikapoteza mng'aro. Akazifuta kwa spiriti, akaziba kingo kwa utepe wa karatasi, akazipanga juu ya gazeti kibarazani, na kopo la rangi nyeusi ya kupuliza akalitikisa mpaka bega likauma. Mkono wa kwanza wa rangi, mwembamba. Akasubiri. Mkono wa pili. Kwenye kopo waliandika miwili inatosha. Lakini Chiriku ni fundi, haambiwi na kopo. Akafanya anachofanya kazini kila siku: akanyanyua taa, akaielekeza kwenye jua, akachungulia. Jua likapita vizuri sana. Akaongeza wa tatu. Akachungulia, jua bado linapita. Akaongeza wa nne, na vanishi juu yake, na zikatoka nzuri mpaka akazipiga picha kumi na saba.

Umeona alipokosea? Miwani inapimwa kwa jua kwa sababu inavaliwa juani. Taa ya breki haina jua ndani yake. Ina kabalbu kamoja, tena ka zamani.

Mwalimu aliporudi alizunguka nyuma ya gari, akasimama. Akaweka kiganja juu ya taa ya kulia, akakiacha hapo muda mrefu.

"Umefanya wewe? Mwenyewe?"

"Kwa mikono hii, mpenzi. Angalia kucha."

Akaishika ile mikono yenye kucha nyeusi, akaibusu yote miwili pale pale uani, majirani wanatazama na ndoo zao. Macho yalimjaa machozi. Akasema asante mpaka Chiriku akaacha kuhesabu.

Sasa sikia. Tangu wiki hiyohiyo, Mwalimu akaacha kumpitia jioni.

Jumatatu alisema gari linaunguruma. Jumanne ana mwanafunzi wa jioni. Jumatano, eti njia ya dukani imefungwa, na Chiriku amesimama mlangoni anaiangalia njia, nyeupe, hata paka hayupo. Akaanza kupanda basi. Simu zikawa zilezile za asubuhi na mchana, kipenzi umekula, kipenzi umelala vipi, ila akigusia gari tu, sauti ya Mwalimu inaingia pangoni. Wiki mbili hivyo. Na Chiriku kila siku anauliza, watu wamezionaje taa? Anajibiwa wamezisifu sana.

Alhamisi akafika kazini akamkuta Redio kaunta. Redio ni mwenzake wa mapokezi, na jina hilo si la kuonewa. Akasema yeye si mtu wa kuingilia mambo, kisha akaingia na viatu. Kwamba jana alikuwa kwenye gari la dada yake. Kwamba mbele yao alikuwa Mwalimu, peke yake, gari la kijivu, taa nyeusi. Na kwamba barabara nzima, tangu kwenye mzunguko hadi kwenye soko, Mwalimu alikuwa ametoa mkono dirishani anampungia dada mtu, kila mara, taratibu, juu chini, juu chini, kama anayemwita kuku.

"Dada yangu ana mume," akamalizia Redio, "lakini alijisikia vizuri."

Chiriku aliharibu lenzi mbili asubuhi hiyo. Mchana akapiga simu.

"Jana ulikuwa unampungia nani barabarani?"

Mwalimu akasema, "Nani kakuambia?"

Nyie wanaume mnaosoma hapa, chukueni kalamu muandike. Swali la namna hiyo lina majibu mengi, na hilo silo.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Mkono nilitoa, ndiyo, lakini siyo… Fundi wangu, nitakueleza. Siyo kwa simu. Tusubiri Jumamosi ipite."

Jumamosi. Hapo ndipo moyo wa Chiriku ulipodondoka, kwa sababu Jumamosi shangazi alikuwa anakuja. Alikuwa anasafiri saa sita kwenye basi ili amwone mwanaume huyu, amtazame, ampe au amnyime baraka yake. Na Chiriku hakuwa na mama wala baba, alikuwa na shangazi tu, na neno la shangazi likitoka halirudi. Mtu gani anasubiri mzazi wako aje, apite, halafu ndipo akueleze habari ya mwanamke mwingine?

Akakata simu. Akampigia shangazi, akamwambia asije, kila kitu kimekufa. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida yao wote wawili.

"Gauni nimeshalipiga pasi," akasema hatimaye. "Basi langu ni la alfajiri. Nakupa mpaka kesho saa kumi na moja jioni. Ukiniambia hapana, nalirudisha gauni kabatini na huyo kijana sitaki kumsikia tena, hata akija amebeba jiwe la dhahabu. Lakini uniambie ulichokiona wewe, Chiriku. Siyo alichokiona mtu mwingine kwa dirisha la dada yake."

Ijumaa mchana, Chiriku alikuwa anaendesha gari la duka kupeleka miwani zahanati. Kalala macho, kavaa kitambaa cheusi kwa makusudi. Akaingia barabara kubwa, na mbele yake, magari mawili tu, la mbele kabisa likiwa lile la kijivu. Lile gari la kati likakata kona. Wakabaki wawili.

Kitu cha kwanza alichofanya Mwalimu kilikuwa kutoa mkono dirishani na kupunga.

Damu ikampanda Chiriku hadi kwenye masikio. Hata hajui ni nani yuko nyuma, akawaza, anapungia tu, mwanamke yeyote anayepita anatosha. Akaongeza mwendo amfikie, amfungulie kioo, amwambie ya moyoni mbele ya barabara nzima. Mkono ukaendelea, juu chini, kiganja kimetazama lami. Chiriku akazidi kukanyaga mafuta. Kisha ghafla lile gari la kijivu likawa kubwa. Likawa kubwa sana. Lilikuwa limesimama, na hakuna kitu chekundu kilichowaka, hata nukta.

Aliikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Matairi yakalia. Pakiti za miwani zikatoka kwenye kiti zikagonga dashibodi. Gari la duka likasimama, na kati ya bampa na bampa ungeweza kupitisha kiganja, si viwili. Mbele ya gari la Mwalimu, kwenye alama za wavuka kwa miguu, watoto wa shule walikuwa wanavuka wakiwa wameshikana mikono wawili wawili, soksi nyeupe, hawajui lolote.

Mkono ulikuwa bado uko dirishani. Juu chini. Kiganja chini.

Ndipo Chiriku akakumbuka ukurasa wa pili wa kitabu cha sheria za barabarani, ule alioruka kwa sababu hakuna mtu anayeutumia siku hizi. Mkono wote nje, kiganja kikitazama chini, unapanda na kushuka polepole. Napunguza mwendo. Swali la ishara hiyo ndilo pekee alilokosa kwenye mtihani, na Mwalimu alimcheka siku nzima.

Alishuka, mlango akauacha wazi. Mwalimu naye alishashuka, anakuja kumwomba radhi dereva wa nyuma, kisha akamtambua dereva wa nyuma, akabaki mdomo wazi.

"Rudi ndani," Chiriku akamwambia. "Kanyaga breki."

Akarudi, akakanyaga. Chiriku akasimama nyuma, mchana kweupe, akaziangalia taa zake nzuri. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Ndani kabisa, mbali, kama kaa la moto chini ya majivu, kulikuwa na kitu ambacho pengine kilikuwa chekundu.

"Wiki mbili," akasema. Akanyooka. "Wiki mbili unaendesha hivi."

"Ndiyo maana sikukupakia." Mwalimu alishuka tena, akasimama mbele yake, anaviangalia viatu vyake. "Mimi naweza kutoa mkono. Ila tugongwe nyuma wewe ukiwa ndani? Sikuweza. Nikasema uongo wa gari linaunguruma. Mimi uongo siuwezi, uliona mwenyewe."

"Njia imefungwa, kweli Mwalimu?"

"Ile ilikuwa mbaya sana."

"Kwa nini hukuniambia tu, mpenzi, kwamba nimezidisha rangi?"

Magari yalikuwa yanawapita yanapiga honi, dereva mmoja akawauliza kama wanafunga ndoa hapo au wanaondoka.

"Tangu mama yangu afariki," Mwalimu akasema, "hakuna mtu aliyewahi kunitengenezea kitu kwa mikono yake. Kununuliwa vitu, nimenunuliwa. Lakini mtu akae siku nzima na msasa, achafue kucha, kwa sababu nilisema neno moja kwenye foleni? Kila asubuhi nilikuwa nasema leo nitamwambia. Halafu unapiga simu unaniuliza wamezionaje. Nikasema basi, Jumamosi ipite kwanza, nisikuaibishe mbele ya shangazi."

Chiriku alitaka kulia, akataka kumpiga, akataka kushukuru, vyote kwa pamoja, na mdomo ni mmoja. Alichoshukuru kwanza ni kile kiganja kimoja kati ya bampa na bampa. Akashukuru zile soksi nyeupe zilizokwisha kuvuka. Ndipo akamgeukia.

"Nisikilize vizuri. Nilitaka kukupamba, nikakuficha. Hilo ni kosa langu na nakuomba msamaha. Lakini wewe ulikubali kufa ili mimi nisinune. Mimi nikinuna napona kwa nusu saa, muulize shangazi. Ukifa mimi sitapona. Siku nyingine nikiharibu, niambie nimeharibu."

"Umeharibu, Fundi wangu," akasema Mwalimu kwa upole uleule wa darasani. "Umeziharibu kabisa."

Wakacheka mpaka Chiriku akashika mgongo wa gari.

Alipeleka miwani zahanati, akaomba ruhusa kazini. Kisha wakarudi nyumbani msafara: Mwalimu mbele, polepole, mkono dirishani, Chiriku nyuma yake na gari la duka, taa za tahadhari zinawaka zote, anamkinga kama kifaranga. Yeyote aliyetaka kumgonga Mwalimu siku hiyo ilibidi ampitie yeye kwanza. Alipopita duka la miwani akapiga honi ili Redio aone vizuri, asipate shida ya kuhadithiwa.

Uani wakachomoa taa, wakajaza beseni maji ya sabuni, wakakaa kibarazani kila mtu na taa yake. Mwalimu alikunja mikono ya shati lile la pasi. Wakaanza na msasa mkali, wakaja wa kati, wakamalizia laini, maji meusi yanatiririka kwenye sakafu hadi kwenye bustani ya jirani. Mikono minne ya rangi haitoki kwa kuombwa. Walizungumza mambo mengi, mengine ya kipuuzi: nani anakoroma, nani atapika Jumapili, kama Chiriku kweli alitaka kumgonga yule mbuzi. Mwalimu akakiri kwamba barabarani watu kadhaa walimpungia wakidhani anawasalimia, na mzee mmoja alimfuata hadi nyumbani kumuuliza wanajuana wapi. Polepole wekundu ukaanza kutoka chini ya vidole vyao, kwanza kipande kama ukucha, halafu upana wa kiganja.

Waliposugua dawa ya kung'arisha na kuzirudisha mahali pake, Mwalimu aliingia ndani ya gari akakanyaga breki. Ua mzima ukawaka. Jirani mwenye ndoo akapiga makofi.

Hakushuka mara moja. Alimwangalia Chiriku kwenye kioo cha nyuma, amesimama pale, uso wote mwekundu kwa mwanga, rangi nyeusi kwenye paji la uso, kitambaa kimelegea.

"Fundi wangu," akasema, mguu bado uko kwenye breki. "Kesho shangazi akija, nataka nimwombe. Siyo ruhusa ya kukutembelea. Nataka nimwombe wewe. Lakini kwanza nakuomba kwako, maana yeye akikubali na wewe ukikataa itakuwa aibu. Utakubali kuolewa na mtu asiyejua kudanganya?"

Chiriku alizunguka hadi dirishani. Alichomjibu, alimjibu akiwa ameinama, midomo karibu na sikio, na jirani mwenye ndoo hadi leo analalamika kwamba hakusikia vizuri. Aliona tu Mwalimu ameondoa mguu kwenye breki bila kujua, taa zikazimika, gari likaanza kuteremka uani lenyewe, na wote wawili wakairukia breki ya mkono.

Ndipo simu ikaita. Saa kumi na moja kamili; shangazi hajawahi kuchelewa.

"Haya," akasema shangazi. "Gauni kabatini, au gauni kwenye begi?"

"Kwenye begi, shangazi."

"Umeona nini?"

"Nimeona kila kitu. Kwa macho yangu."

"Na yule mwanamke aliyepungiwa?"

"Hakuna mwanamke. Ilikuwa breki."

Upande wa pili kikasikika kiti kinavutwa. "Breki," akasema shangazi. "Chiriku, mwanangu, hebu anza mwanzo. Usiruke hata neno. Nina chai hapa, nina muda."

Chiriku akamtazama Mwalimu, ambaye alikuwa anajaribu kumfuta rangi kwenye paji la uso kwa pindo la lile shati la kijani, anaizidisha tu. Na yeye, ambaye hajawahi kuwa na habari ikalala kifuani mwake hata usiku mmoja, akajisikia kwamba hii aliitaka ibaki kidogo, yao wawili, mpaka alfajiri na basi la shangazi.

"Shangazi yangu, asante kwa kunipa siku moja," akasema. "Sasa nipe nyingine. Lala mapema, usikose basi. Yaliyobaki nitakusimulia kesho, ukiwa umekaa katikati yetu."